Ng'ombe wa Mstaafu

Shangazi yangu alistaafu ualimu mwezi wa saba, na kabla mwezi wa kumi haujaisha alikuwa amekwisha kufukia ng'ombe wawili. Walikuwa mitamba wa Friesian, madoa meusi juu ya weupe, wenye mimba changa, walioshushwa Muheza, mkoani Tanga, kutoka kwenye lori la Fuso lililosafiri usiku kucha likitokea nyanda za baridi. Muuzaji alikuwa amemhakikishia lita 20 kwa kila mmoja. Siku ya kumi na mbili mmoja akaacha kula. Tezi zilimvimba chini ya sikio kana kwamba mtu ameficha limau ndani ya ngozi, machozi yakawa yanamtiririka, akaanza kukohoa. Mwisho wa juma la tatu akaanguka, povu jeupe likimtoka puani. Wa pili alimfuata siku sita baadaye. Ndigana kali. Banda lilikuwa la zege, bati jipya, hori la saruji, taa ya umeme. Nyasi alikuwa akinunua kwa mizigo ya baiskeli.

Leo, miaka minane baadaye, anakamua ng'ombe watatu na maziwa yake hayalali. Mara ya pili alianza na fedha chache kuliko mara ya kwanza, kwa hiyo si fedha iliyomwokoa. Huwa namkumbuka kila ninapomsikia mtumishi wa miaka hamsini na kitu akisema "nikistaafu nitafuga", na kauli hiyo naisikia kila mahali: ofisini, misibani, kwenye foleni ya benki. Ni swali zito kuliko linavyotamkwa. Je, mtu aliyetumia miaka thelathini darasani, wodini au mbele ya majalada anaweza kuufanya ufugaji mdogo wa ng'ombe kuwa kazi yake ya pili? Naamini anaweza. Ila mtaji wake mkubwa si ule anaoungoja kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii. Mtaji wake ni kwamba sasa yupo nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na hakuna anayemsubiri kwingine.

Kwamba wengi huwaza ng'ombe kabla ya kitu kingine si ajabu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na watumishi wengi wa umri huu walichunga utotoni. Hata viongozi waliotoka madarakani walirudi kwenye ardhi: Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda anajulikana kwa shamba lake la Zuzu, Dodoma. Kustaafu na kushika jembe au kamba ya ng'ombe kumebeba heshima ambayo kufungua duka hakuna.

Lakini kumbukumbu ya utotoni ni mwalimu mbovu hapa. Ng'ombe wengi tulionao ni Zebu wa asili, na yule mtoto aliyewachunga hakuwahi kujiuliza majani yanatoka wapi. Kundi lilikwenda lenyewe bondeni, likanywa mtoni, na dume aliyekuwamo kundini alifanya kazi yake bila kuitwa na mtu. Mfunge ng'ombe huyohuyo bandani, na kila kimoja cha vitu hivyo kinageuka kuwa kazi ya mwenye banda: kukata, kubeba, kuteka, kutambua siku ya joto, kumwita mtu wa mbegu. Mstaafu anayesema "mimi ng'ombe nawajua toka mtoto" mara nyingi anamjua ng'ombe mwingine.

Fedha nazo zinakuja kwa namna inayopotosha. Kiinua mgongo huingia kwa mkupuo, mara moja, kwa mtu ambaye maisha yake yote amepokea kwa mwezi. Kelele za kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, zinaonyesha uzito wa mkupuo huo: kanuni ya kulipa asilimia 25 ya mafao kwa mkupuo iliyokuja mwaka 2018, mifuko minne ilipounganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ilizua malalamiko hadi Rais John Magufuli akaisimamisha Desemba mwaka huohuo; mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Watu walibishana kuhusu asilimia, na walikuwa na haki. Lakini kuna balaa jingine linaloanza siku fedha zinapoingia, nalo ni haraka. Mstaafu anataka kitu kinachoonekana. Banda linaonekana. Ng'ombe mnene mwenye madoa anaonekana. Ekari moja ya majani haionekani, na jirani akipita anadhani ni pori.

Kabla ya kuingia kwenye majani, niseme kwamba maziwa si njia pekee. Ipo njia ya kunenepesha: unanunua madume yaliyokonda mnadani, unayafungia kama siku 90 kwa mashudu na pumba, unauza kuelekea Krismasi, Pasaka au Iddi. Kanda ya Ziwa wamefanya hivi miaka mingi kwa sababu mashudu na maganda ya mbegu za pamba wanayo mlangoni. Ni kazi inayomfaa mtu asiyetaka kufungwa na ratiba ya kukamua mara mbili kwa siku. Hatari yake iko siku ya kununua. Mnadani, dalali huona kilo kwa jicho na mstaafu huona ng'ombe tu. Akikosea pale, siku 90 za chakula haziwezi kurudisha kosa la asubuhi moja. Ipo pia njia ya kukabidhi ng'ombe kwa ndugu au mchungaji kijijini na kwenda kuwaona mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni akiba, tena akiba inayotegemea uaminifu wa mtu mwingine na mvua ya mahali pengine. Anayetafuta kazi ya pili hataipata humo. Kwa mstaafu mwenye ekari mbili au tatu karibu na mji, mwenye maji, na mwenye nia ya kuishi palepale, maziwa ndiyo yanayolipa kwa namna aliyoizoea: kidogo kidogo, kila mwezi.

Sasa majani. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kiasi cha kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani karibu asilimia 3 ya uzito wake. Mabingobingo mabichi ni maji kwa sehemu nne kati ya tano. Kwa hiyo kilo 12 kavu ni kilo 60 za majani mabichi yaliyokatwa, yakabebwa na kufikishwa horini, leo na kesho na siku ya harusi ya binti yako. Kwa mwaka ni karibu tani 22 kwa ng'ombe mmoja. Ekari moja ya mabingobingo yanayopata samadi na palizi inaweza kubeba mzigo huo mahali penye mvua ya kutosha. Ikiachwa bila samadi, haiwezi. Basi hesabu ya kwanza ya mstaafu ni ya ekari, kisha ya vichwa. Mwenye ekari mbili asinunue ng'ombe wanne kwa kuwa fedha imetosha wanne.

Shangazi alipoanza upya alifanya kitu ambacho majirani walikiona ni cha mtu aliyekata tamaa: alikaa miezi minane bila ng'ombe hata mmoja. Alipanda. Vipande vya mabingobingo vyenye macho matatu, mita moja kutoka mstari hadi mstari, macho mawili ardhini na moja juu. Kandokando ya shamba akaweka lukina, kwa sababu majani ya jamii ya kunde ndiyo yanayoleta protini ambayo mabingobingo peke yake hayana. Mavuno ya kwanza aliyakata mwezi wa nne na kuwauzia wenye ng'ombe. Akajua kwa mikono yake mwenyewe kilo 60 ni kitu gani. Ndipo akajua pia kwamba mabingobingo yakizidi urefu wa kiuno yanakuwa miti: ng'ombe atatafuna majani na kuacha mashina, na mkulima atadhani amelisha kumbe amepamba hori.

Kuna miezi ambayo hata shamba zuri linakunja mikono. Huko Tanga ni kiangazi cha Januari hadi Machi, kabla masika hayajafungua. Ng'ombe asiye na akiba katika miezi hiyo hushuka kutoka lita 9 hadi 4, na akishuka hapandi tena hadi azae upya. Mahindi yaliyokatwa yakiwa na punje laini, yakakatwakatwa vipande vidogo, yakashindiliwa kwenye mifuko mizito ya nailoni na kufungwa hewa isiingie, yanakaa miezi mingi bila kuoza. Hiyo ndiyo sileji, na kwa mtu anayefuga ng'ombe watatu haihitaji mashine kubwa. Inahitaji panga, miguu ya kukanyagia na siku tatu za kazi. Kuhusu maji niseme kwa ufupi: ng'ombe wa maziwa hunywa lita 60 hadi 80 kwa siku, na joto likizidi anataka zaidi. Asiye na bomba au kisima ndani ya uwanja wake asianze.

Jambo la pili linalovunja mabanda ya wastaafu ni mshahara wa kijana, na hapa napenda tuandike namba. Ni za mfano. Kila mtu aweke bei ya kwao. Tuchukulie lita inauzwa shilingi 1,000, na ng'ombe chotara anatoa wastani wa lita 8 kwa siku 300. Mapato ni shilingi 2,400,000. Chakula cha ziada, pumba na mashudu ya alizeti, kilo 4 kwa siku kwa shilingi 700 kila kilo, kinakula 840,000. Zimebaki 1,560,000. Kijana wa kukata majani na kukamua akilipwa 150,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,800,000. Kabla hujanunua chumvi ya madini wala dawa ya kuogesha, umekwisha kupoteza 240,000. Kijana huyohuyo anaweza kuhudumia ng'ombe watatu: mapato 7,200,000, chakula cha ziada 2,520,000, mshahara 1,800,000, kinabaki 2,880,000, sawa na 240,000 kwa mwezi kabla ya dawa, mbegu na majanga.

Ukizitazama namba hizo kwa makini utaona kwamba ng'ombe mmoja analipa kwa mtu anayekamua mwenyewe, na watatu wanalipa kwa mtu mwenye msaidizi. Ng'ombe mmoja na msaidizi mmoja ni sadaka. Na wanaoumia zaidi ni wale wanaofuga kwa kupiga simu, ambao Kenya huitwa wakulima wa simu. Mkulima wa simu yuko mjini, banda liko kijijini, anauliza kila jioni "leo lita ngapi?" na anajibiwa kilicho rahisi kujibiwa. Sisemi kwamba vijana wa mabandani ni wezi. Wengi wameachiwa peke yao mnyama mgonjwa saa nane usiku, bila salio la kumpigia daktari wa mifugo na bila ruhusa ya kuamua. Mnyama akifa, lawama ni yao.

Kuhusu aina ya ng'ombe, watu hubishana kama washabiki wa mpira, na nadhani muda mwingi unapotea hapo. Friesian safi anatoa maziwa mengi pale Kitulo, ambako jaketi halivuliwi. Joto likipita nyuzi 25 anaanza kupunguza kula, na pwani ya Tanga mwezi wa pili hupita 30 mchana. Anahema, anasimama badala ya kulala, hashiki mimba. Chotara wa Friesian au Ayrshire na Boran au Zebu anatoa nusu ya sifa za baba yake, lakini anazitoa kila siku na anabaki hai. Mpwapwa, aina iliyotengenezwa na watafiti wetu huko Dodoma kwa ajili ya nyama na maziwa katika nchi kavu, anafaa kwa mwenye eneo la ukame ambaye lita 5 au 6 zinamtosha. Swali la kumuuliza muuzaji ni mnyama huyu amelelewa wapi na amekula nini, kisha kumwona kwa macho yako mama yake akikamuliwa. Lita 20 anazozitaja hazina maana iwapo zilitoka kwenye kilo 10 za mashudu kwa siku.

Na ulizia kupe. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikioni, yule wa kahawia, na mnyama aliyekulia mahali pasipo kupe huyo anafika pwani kama mtoto asiye na chanjo. Ndivyo walivyokufa wale wawili: hawakuwa wagonjwa walipouzwa, na hakuna aliyemweleza shangazi kwamba safari yenyewe ndiyo hatari. Ipo chanjo yake, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970: mnyama hupewa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimshinde, na dozi moja humpa kinga ya miaka. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa ndama wao kwa wingi. Ugumu wake kwa mstaafu mwenye ng'ombe wawili ni kwamba huhifadhiwa kwenye baridi kali ya naitrojeni, hufungashwa dozi nyingi pamoja, na ikishafunguliwa lazima itumike ndani ya saa chache. Hapa hakuna ujanja wa mtu mmoja. Ni kuwakusanya majirani wenye ndama na kumwita mtaalamu siku moja. Asiyechanja abaki na bomba la mgongoni na dawa ya kuogesha kila juma, akikumbuka ndani ya masikio na chini ya mkia, na awe na namba ya daktari anayefika. Dawa ya ndigana kali inafanya kazi ikipigwa siku za mwanzo. Ikingoja hadi povu, inapigwa kwa ajili ya dhamiri ya mwenye ng'ombe tu.

Lipo jambo ambalo wengi hulihesabu mwisho, nalo nimefikia kuamini ndilo linaloamua kama banda litalipa. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Nimeisikia methali hiyo ikisemwa kwa kuguna, kama hukumu ya majaliwa. Tuichukulie kama uchunguzi. Kwa nini ng'ombe wa maskini hazai? Kwa sababu amekonda, na ng'ombe aliyekonda haonyeshi joto. Au ameonyesha na hakuna aliyeona. Joto hurudi kila siku 21 na hudumu nusu siku au zaidi kidogo, mara nyingi usiku na alfajiri, wakati mwenye ng'ombe amelala na kijana yuko mbali na banda. Likipita bila kuonekana, unalisha siku 21 nyingine bure. Likipita mara tatu ni miezi miwili ya kilo 60 kila siku. Hesabu yangu ya juu ilichukulia kwamba kila ng'ombe anazaa kila mwaka. Akizaa kila miezi 15 au 18, ile faida ya shilingi 240,000 kwa mwezi inayeyuka, na mfugaji hajui imekwenda wapi kwa sababu hakuna mnyama aliyekufa.

Nilikuwa kwa shangazi asubuhi moja mwezi wa sita, nikiwa bado natafuta viatu gizani, nikamsikia akizungumza kwa simu na mhimilishaji, yule mtu wa mbegu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Neema yuko tayari."

"Umemwonaje? Anapanda au anapandwa?"

"Anapandwa, na amesimama kabisa, hakimbii. Ute unaning'inia."

"Toka saa ngapi?"

"Nilipotoka saa kumi na moja ndiyo kwanza anaanza."

"Basi nitafika jioni saa kumi na moja. Nikija sasa hivi tutapoteza mbegu."

Alikata simu, akachukua daftari lililofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda, akaandika. Yule anayesimama akapandwa ndiye mwenye joto, anayempanda anaweza kuwa anacheza tu. Aliyeonekana alfajiri hupandishwa jioni, aliyeonekana jioni hupandishwa asubuhi. Hakuna kifaa katika maarifa hayo. Kuna mtu aliyeamka. Mbegu zenyewe nchi inazo: Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, Arusha, na siku hizi zipo hata mbegu zilizochambuliwa jinsia, za bei ya juu, zinazoongeza sana nafasi ya kupata jike. Kwa hiyo hata ile nusu ya pili ya methali, akizaa huzaa dume, imepatiwa dawa. Nusu ya kwanza inabaki kwa jicho. Mwalimu aliyezunguka kati ya madawati miaka thelathini akimtambua mtoto ambaye leo hayuko sawa, kwa namna tu alivyoinamisha kichwa, ana jicho hilo tayari. Muuguzi analo. Karani aliyezoea kuona tarakimu moja iliyokosewa katika ukurasa mzima analo. Ninaposema wastaafu wana mtaji ambao vijana wengi hawana, ninamaanisha hili, na linaniuma kuona likiachwa bila kutumika huku mkupuo ukimiminwa kwenye zege.

Daftari lenyewe ni la shilingi 1,000. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa ng'ombe msemo huo ni kweli neno kwa neno. Tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kurudia joto kama amerudia, tarehe ya kukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa, lita za asubuhi na jioni, dawa aliyopigwa na siku ambazo maziwa yake hayapaswi kunywewa na mtu. Jambo hilo la mwisho nalisisitiza. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki humwagwa hadi siku alizotaja daktari zipite. Anayeyauza anawauzia watoto wa jirani dawa wasiyoiomba.

Soko ni sababu mojawapo ya shangazi kubaki Muheza badala ya kuhamia kwa mtoto wake. Mkoa wa Tanga ulijengewa ufugaji wa maziwa wa watu wadogo tangu miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi, vyama vya wafugaji vikaundwa, na kiwanda cha Tanga Fresh kikazaliwa miaka ya 1990. Kwa hiyo kuna vituo vya kukusanyia vyenye matangi ya kupoozea, na mwenye lita 12 anapokelewa sawa na mwenye lita 200. Asubuhi utaona foleni ya baiskeli na bodaboda, kila mtu na keni yake. Mpokeaji anatumbukiza laktomita kuona kama maji yameongezwa, anachanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yataganda. Yakiganda, unarudi nayo. Bei ya kituo ni ndogo kuliko ya mlango kwa mlango, lakini kituo hakikwambii "mama, nitakulipa mwisho wa mwezi". Sehemu kubwa ya Tanzania haina kituo cha namna hiyo. Maziwa mengi nchini huuzwa mtaani yakiwa mabichi. Mstaafu wa mahali kama hapo atafute wateja wake kabla ya ng'ombe kuzaa: nyumba kumi za kudumu na mgahawa mmoja ni soko la kutosha kwa ng'ombe wawili. Lita zinazobaki jioni hugandishwa mtindi.

Samadi nisiisahau, maana ndiyo inayorudi kwenye mabingobingo na kufunga mduara. Wenye ng'ombe wawili au zaidi wanaweza kupata gesi ya kupikia kutoka kwenye kinyesi, na mitambo ya namna hiyo kituo cha teknolojia za vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kimeieneza kwa miaka mingi.

Sasa nifike kwa mwili, ambao wapangaji wa miradi ya wastaafu huuruka. Ndama jike aliyezaliwa bandani kwako leo atakuja kukamuliwa baada ya miaka miwili na nusu au mitatu. Anayeanza akiwa na miaka 60 anaona matunda ya mtamba wake wa kwanza akiwa na 63, na ya binti wa mtamba huyo akiwa na 66. Ndiyo maana nawasihi walio kazini waanze wakiwa na 50 au 52, na waanze na majani: ekari moja, likizo baada ya likizo, kisha mafunzo mafupi. Kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA), kama Buhuri pale Tanga au Tengeru kule Arusha, hufundisha ufugaji, na mtu akishika kiwele kwa mkono wake wiki mbili anatambua mapema kama kazi hii anaipenda au aliipenda kwenye picha. Asiyeipenda aache, na hajapoteza kitu zaidi ya vipande vya mabingobingo.

Na mazungumzo ya nyumbani yafanyike mapema. Katika familia nyingi ng'ombe ni wa baba na kazi ya kumhudumia ni ya mama. Baba akinunua mitamba wanne kwa mkupuo wake, amemwajiri mkewe wa miaka 57 bila kumuuliza, na mgongo wa mke ndio utakaolipa. Shangazi ni mjane, kwa hiyo alijiuliza mwenyewe. Mwaka juzi nyonga ilianza kumsumbua, na alikuwa amefika ng'ombe watano. Watoto wake wako Dodoma na Dar es Salaam, hakuna anayetaka kurudi, na hakuwalaumu. Aliuza wawili wakiwa na afya na bei nzuri. Halafu akamwita kijana wake wa kazi, ambaye mke wake alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, akaweka naye makubaliano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: mshahara uleule, na ndama jike atakayezaliwa na Neema atakuwa wake, atalishwa hapohapo hadi kijana apate majani yake. Mashirika yanayokopesha ng'ombe kwa masharti ya kulipa ng'ombe yamefanya jambo la namna hiyo kwa miaka mingi. Yeye alilifanya na mtu mmoja.

Neema alizaa jike mwezi wa tatu mwaka huu. Nilipokwenda Pasaka nililikuta daftari palepale kwenye nguzo, kamba ileile. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa mwalimu, herufi zilizolala upande mmoja kama za ubaoni. Kuanzia katikati mwandiko unabadilika, herufi kubwakubwa, kalamu imekandamizwa hadi ukurasa wa nyuma. Mstari wa mwisho ulisomeka: "Tausi amesimama saa 10 usiku. Nimempigia mtu wa mbegu. Mwalimu sijamwamsha."